Tundu kwenye ukuta wa moyo: mwongozo kamili kwa mzazi wa mtoto na kwa mtu mzima

Ukiambiwa mtoto wako ana tundu kwenye moyo, uliza mambo matatu kabla hujatoka kwenye chumba cha daktari: tundu liko sehemu gani ya ukuta, lina ukubwa gani, na shinikizo la damu kwenye mapafu likoje. Majibu hayo ndiyo yanayomtenganisha mtoto atakayekua akicheza mpira bila kupasuliwa, na yule anayetakiwa kupasuliwa kabla hajatimiza mwaka. Wote wawili wataandikiwa herufi zilezile kwenye faili, VSD (kifupi cha jina la Kiingereza la tundu hili, ventricular septal defect), lakini hali zao hazifanani hata kidogo.

Hapa nazungumzia tundu la ukuta unaotenganisha chemba mbili za chini za moyo. Kati ya kasoro za moyo ambazo watoto huzaliwa nazo, hili ni miongoni mwa zinazoonekana mara nyingi zaidi. Maamuzi ya dawa na upasuaji ni ya daktari wa moyo anayemwona mgonjwa. Kazi ya mzazi, au ya mgonjwa mwenyewe, ni kujua nini kinafuata, nini kisicheleweshwe, na kitu gani kisimdanganye.

Damu inakwenda wapi

Chemba ya chini ya kushoto husukuma damu yenye oksijeni kwenda mwili mzima. Ya kulia husukuma damu iliyokwisha kutumika kwenda mapafuni. Kushoto kuna nguvu kubwa zaidi: kwa mtu mzima shinikizo la upande huo hufika milimita 120 za zebaki moyo unapobana, wakati kulia ni kama 25 tu. Ukuta ukiwa na tundu, damu hukimbilia kwenye shinikizo dogo. Inavuka kutoka kushoto kwenda kulia na kurudi mapafuni ilikotoka muda huohuo. Mapafu yanajaa damu kupita kiasi, na chemba ya kushoto inayoipokea damu hiyo ikirudi inatanuka kwa mzigo.

Mtoto anapozaliwa, mishipa ya mapafu yake bado imebana, hivyo damu inayovuka tunduni ni kidogo. Ndiyo maana mtoto mwenye tundu kubwa anaweza kuruhusiwa kutoka wodi ya wazazi akionekana mzima kabisa, na daktari akisikiliza moyo asisikie kitu. Mishipa hiyo hulegea polepole katika wiki 4 hadi 8 za mwanzo, na hapo ndipo shida huanza. Mama anayesema mwanawe alizaliwa mzima akaanza kuugua baada ya mwezi na nusu anasema kweli tupu.

Hakuna alichokosea. Ukuta huo hujengeka katika wiki 8 za mwanzo za mimba, mara nyingi kabla mama hajaanza kliniki. Kwa watoto wengi sababu haijulikani. Kisukari cha mama kisichodhibitiwa, pombe na baadhi ya dawa za kifafa huongeza uwezekano, na kati ya watoto wenye hali ya Down, yaani waliozaliwa na kromosomu moja ya ziada, karibu nusu huwa na kasoro ya moyo. Kila mtoto wa namna hiyo anastahili kupimwa moyo hata kama hana dalili. Jicho baya halihusiki, wala mwiko uliovunjwa. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa ukoo ukianza kutafuta mchawi, miezi ambayo mtoto hana hupotea.

Hatua ya 1: zitambue dalili mapema

Tundu dogo kwa kawaida halina dalili yoyote. Hugunduliwa pale daktari au muuguzi anaposikia sauti ya mvumo kifuani mtoto akiletwa kwa mafua au chanjo. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba tundu dogo ndilo lenye kelele kubwa, kwa sababu damu inapita kwa kasi penye upenyo mwembamba, kama maji ya mpira uliobanwa kwa kidole. Ukali wa mvumo si kipimo cha ukali wa ugonjwa.

Tundu la kati au kubwa hujionyesha wakati wa kunyonya. Mtoto ananyonya kidogo, anaachia titi, anahema, ananyonya tena, anachoka na kusinzia kabla hajashiba. Kichwa na paji la uso vinalowa jasho hata kukiwa na ubaridi. Mbavu zinaingia ndani anapohema. Uzito hauongezeki: ukiangalia kadi ya kliniki, mstari wake umelala wakati wa wenzake unapanda. Nimonia inarudi kila baada ya muda mfupi, naye anapewa antibayotiki, anapata nafuu, anarudi tena wodini. Mtoto aliyelazwa kwa nimonia zaidi ya mara moja ndani ya miezi michache na ambaye hakui vizuri anahitaji kipimo cha moyo. Omba kipimo hicho wewe mwenyewe kama hakuna aliyekitaja.

Jifunze kuhesabu pumzi. Mtoto awe ametulia au amelala, usiwe wakati ananyonya wala analia. Funua tumbo, angalia linavyopanda na kushuka, hesabu kwa dakika nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 12, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni kuhema kwa kasi. Andika tarehe na idadi. Daftari la namna hiyo humsaidia daktari kuliko maneno "anahema sana".

Kuna mambo mawili yanayofanyika mitaani na vijijini kwetu ambayo naomba yasimguse mtoto huyu. La kwanza ni kukatwa kimeo kwa ajili ya kikohozi kisichoisha. La pili ni kung'olewa yale yanayoitwa meno ya plastiki kwa ajili ya homa na kudhoofika. Yote mawili humwaga damu ya mtoto ambaye hana akiba, na hufungua njia ya wadudu kuingia kwenye damu. Damu ikipita kwa nguvu tunduni, wadudu hao hupata mahali pa kujishika na kuuambukiza moyo wenyewe.

Mpeleke hospitali saa hiyohiyo ukiona midomo au ulimi umekuwa wa bluu au kijivu, mtoto amekataa kunyonya kabisa, anakoroma au kuguna kila anapotoa pumzi, amelegea haamshiki, au hajakojoa kwa saa nyingi.

Hatua ya 2: vipimo, na namna ya kuisoma karatasi ya eko

Picha ya kifua huonyesha moyo uliotanuka na mapafu yaliyojaa damu. Kipimo cha umeme wa moyo huonyesha chemba ipi imelemewa. Kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni hupima oksijeni. Tundu hili likiwa peke yake na damu ikivuka kutoka kushoto kwenda kulia, oksijeni huwa ya kawaida. Ikiwa chini ya asilimia 90, kuna jambo zaidi: ama kasoro nyingine ya moyo, ama ugonjwa wa mapafu, ama shinikizo la mapafu limekwisha kupanda sana.

Kipimo kinachotoa jibu ni eko, yaani picha za moyo kwa mawimbi ya sauti. Hakiumi wala hakina mionzi. Omba nakala ya ripoti, itunze kwenye bahasha moja na kadi ya kliniki, na katika ripoti hiyo tafuta vitu vinne.

Mahali. Matundu mengi, takribani manne katika kila matano, yako karibu na utando mwembamba ulio sehemu ya juu ya ukuta, jirani na vali, vile vilango vinavyozuia damu isirudi nyuma. Mengine yako ndani ya msuli wa ukuta. Haya ndiyo yenye tabia nzuri ya kujifunga. Yale yaliyo chini kabisa ya vali za mishipa mikubwa, na yale yaliyo mahali damu inapoingilia, hayatarajiwi kujifunga yenyewe.

Ukubwa. Hulinganishwa na upana wa mlango wa mshipa mkuu wa damu, aota. Chini ya theluthi moja ya upana huo ni dogo, kati ya theluthi moja na mbili ni la wastani, zaidi ya hapo ni kubwa.

Kasi ya damu inayovuka tunduni. Namba hii huandikwa kwa mita kwa sekunde, na wazazi wengi huipita bila kuiangalia. Ichukue, izidishe kwa yenyewe, kisha zidisha kwa 4: utapata tofauti ya shinikizo kati ya chemba mbili. Tuseme kasi ni 4. Mara yenyewe ni 16, mara 4 ni 64. Kama shinikizo la juu la mtoto mkononi ni 90, upande wa kulia una kama 26, na hiyo ni habari njema. Kasi ikiwa 2, tofauti ni 16 tu. Upande wa kulia una kama 74, karibu sawa na kushoto. Mtoto huyu wa pili yuko hatarini hata kama anatabasamu. Hesabu hii ni ya makadirio, na njia ya kwenda mapafuni ikiwa imebana huwezi kuitumia kukisia shinikizo la mapafu, kwa hiyo ilete kwa daktari kama swali.

Cha nne ni vali ya aota. Tundu lililo chini yake huweza kuvuta jani la vali likaning'inia na kuvujisha damu. Neno lolote kwenye ripoti kuhusu vali hiyo kuvuja linaharakisha uamuzi wa upasuaji, hata tundu likiwa dogo.

Hatua ya 3: lipi linasubiriwa, lipi halisubiriwi

Tundu dogo kwa mtoto anayekua vizuri linasubiriwa. Mengi ya ndani ya msuli hujifunga katika miaka 2 ya mwanzo. Yale ya karibu na utando hujifunga pia, ingawa kwa watoto wachache zaidi. Mtoto huyu hahitaji dawa, hahitaji kuzuiwa kukimbia wala kuogelea. Anahitaji eko kwa ratiba atakayopangiwa, na wazazi wasiomlea kama yai. Mtoto anayekatazwa kucheza bila sababu huumia kwa namna nyingine.

Tundu la wastani linafuatiliwa kwa karibu. Chemba ya kushoto ikitanuka, au ukuaji ukisimama, linazibwa.

Tundu kubwa halisubiriwi. Kwa kawaida huzibwa kati ya miezi 3 na 12, na mapema zaidi dawa zikishindwa kumtuliza mtoto. Kwa watoto wenye Down haraka huwa kubwa zaidi, kwa sababu mishipa ya mapafu yao huharibika mapema. Wengi hulenga kabla ya miezi 6.

Nafuu inayodanganya

Naomba usome sehemu hii hata kama utaruka nyingine zote.

Mtoto mwenye tundu kubwa alihema na kutoka jasho mwaka mzima. Halafu polepole anatulia. Pumzi zinapungua, nimonia zinaacha, anaanza kunenepa. Hata mvumo kifuani unakuwa hafifu. Nyumba inafurahi, wengine wanamshukuru mganga, wengine maombi, wengine dawa za mizizi. Kliniki inaachwa, kwani nauli ina kazi nyingine.

Nafuu hiyo ina maelezo mawili yanayofanana kwa nje. Moja ni kwamba tundu limepungua. La pili ni kwamba mishipa ya mapafu, baada ya kupigwa na damu nyingi yenye shinikizo kubwa kwa muda mrefu, imekuwa migumu na minene. Ikishakuwa migumu, damu inayovuka kwenda mapafuni inapungua, mapafu hayajai tena, na mtoto anahema vizuri. Anapata nafuu kwa sababu mapafu yake yanaharibika. Miaka ikipita shinikizo la kulia hulizidi la kushoto, damu hugeuza njia, na ile isiyo na oksijeni huvuka kwenda mwilini. Midomo inakuwa ya bluu, ncha za vidole zinavimba. Hii ndiyo hali ya Eisenmenger, iliyopewa jina la daktari wa Austria aliyeieleza mwaka 1897. Ikifika hapo, kuziba tundu kunamuua mgonjwa, kwa sababu tundu limekuwa mlango pekee wa kupunguzia shinikizo upande wa kulia.

Macho ya mzazi hayawezi kutofautisha nafuu hizi mbili. Hata daktari mzoefu hawezi kwa kusikiliza tu. Eko ndiyo inayoanza kutenganisha, na pale panapobaki shaka, mgonjwa hupimwa shinikizo kwa katheta, mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa hadi moyoni. Uharibifu huu huweza kuanza kuwa wa kudumu baada ya mwaka 1 hadi 2. Kwa hiyo mtoto mwenye tundu kubwa akianza kuonekana mzima, hiyo ndiyo siku ya kwenda kliniki.

Hatua ya 4: kumtunza anayesubiri

Kwetu kusubiri kunaweza kuwa kurefu, na mtoto anayefika chumba cha upasuaji akiwa na uzito mzuri hupona kirahisi zaidi.

Dawa inayotumika zaidi ni furosemidi, ambayo wengi huijua kwa jina la Lasix. Hutoa maji yaliyozidi kupitia mkojo. Kipimo cha kawaida kwa mtoto ni miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito, mara moja hadi tatu kwa siku kadiri daktari atakavyoandika. Tatizo ni kwamba mara nyingi kinachopatikana dukani ni kidonge cha miligramu 40, wakati mtoto wa kilo 4 anahitaji miligramu 4. Kukadiria sehemu ya kumi ya kidonge kwa kisu ni hatari. Mwambie mfamasia akuonyeshe namna ya kukitawanya kidonge kwenye mililita 10 za maji safi, kutikisa vizuri, kuvuta mililita 1 kwa sirinji isiyo na sindano na kumwaga kilichobaki. Kila uzito unapoongezeka, uliza kama dozi nayo inabadilika. Spironolaktoni, kaptoprili au digoksini huongezwa kwa baadhi ya watoto. Digoksini haina mchezo: dozi ikizidi kidogo inadhuru moyo, kwa hiyo usirudie dozi aliyoitapika bila kuuliza. Na mtoto akiharisha au kutapika sana, mpigie daktari kabla ya kuendelea na dawa za kukojoza.

Kuhusu chakula: mtoto huyu anatumia nguvu nyingi kwa kuhema tu, ndiyo maana anahitaji kati ya kilokalori 120 na 150 kwa kilo kwa siku, zaidi ya mwenzake mzima. Mnyonyeshe mara nyingi, kila baada ya saa 2 hivi, kwa muda mfupi, kichwa kikiwa juu kidogo. Akichoka kabla ya kushiba, kamua maziwa na umpe kwa kikombe kidogo au kijiko. Maziwa ya mwisho ya titi ndiyo yenye mafuta mengi, usiyaache. Wengine hulazimika kuwekewa mpira wa puani kwa muda, na hilo halina aibu. Akifikisha miezi 6, ongeza kijiko cha mafuta ya kupikia au siagi ya karanga kwenye uji, kuliko kumjaza uji mwepesi wa maji. Asipunguziwe maziwa kwa hofu kwamba maji yanajaza mapafu, isipokuwa daktari ameagiza hivyo.

Chanjo zote apewe kwa wakati. Ile ya nimonia, ambayo hapa Tanzania hutolewa wiki ya 6, 10 na 14, ina thamani ya pekee kwake, na ya surua pia. Asikae na mtu anayevuta sigara, wala jikoni kwenye moshi wa kuni.

Meno yanayoota yasafishwe tangu la kwanza. Antibayotiki kabla ya kung'oa jino hazihitajiki kwa kila mwenye tundu. Zinahitajika kwa aliyewahi kupata maambukizi ya moyo, mwenye vali bandia, mwenye rangi ya bluu ambaye hajazibwa, aliyezibwa ndani ya miezi 6 iliyopita, na yule ambaye damu bado inavuja pembeni ya kiraka. Kwa hao hutumika amoksilini, gramu 2 kwa mtu mzima na miligramu 50 kwa kilo kwa mtoto, dakika 30 hadi 60 kabla ya kazi ya meno.

Hatua ya 5: kuziba

Kwa Tanzania, kituo kikuu ni Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ndani ya eneo la Muhimbili, Dar es Salaam. Kenya upasuaji wa moyo wa watoto hufanyika katika hospitali kadhaa, zikiwemo Kenyatta, Mater na Aga Khan jijini Nairobi, na Tenwek huko Bomet. Uganda ina Taasisi ya Moyo iliyo Mulago, na Rwanda ina King Faisal, Kigali. Watoto wengi wa Zanzibar na Bara wamepasuliwa Israel kupitia shirika la misaada la Save a Child's Heart. Vituo hivi hupokea timu za madaktari wa nje kwa kambi za upasuaji, na wakati huo nafasi huongezeka. Hakikisha namba yako ya simu iliyo kwenye orodha inapatikana, na ukibadilisha laini uwaarifu. Anza kuuliza bima, ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali na misamaha siku unayopewa tarehe, usisubiri wiki ya kulazwa.

Upasuaji wenyewe hufanywa kwa kufungua kifua. Mashine huchukua kazi ya moyo na mapafu, moyo unasimamishwa, tundu linazibwa kwa kiraka kinachoshonwa, na moyo unaanzishwa tena. Tundu la aina hii lilizibwa kwa mara ya kwanza mwezi Machi mwaka 1954 katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, na C. Walton Lillehei, kabla mashine hizo hazijawa za kutegemewa: mtoto aliunganishwa na mishipa ya baba yake, moyo na mapafu ya baba yakafanya kazi kwa wawili. Leo kwenye vituo vyenye uzoefu vifo ni vichache sana kwa watoto wasio na tatizo jingine. Hatari ya kuuliza ni umeme wa moyo kukatika, kwa kuwa nyaya zake hupita ukingoni mwa matundu mengi. Hutokea kwa takribani mtoto mmoja katika mia, naye huwekewa kifaa cha kuongoza mapigo. Mwulize pia daktari kama eko ya baada ya upasuaji itaangalia uvujaji uliobaki.

Baadhi ya matundu, hasa ya ndani ya msuli, huzibwa kwa kifaa kinachopitishwa kwa katheta kutoka kwenye paja, bila kufungua kifua. Mtoto mdogo mno, au mwenye ukuta uliotoboka sehemu nyingi, huweza kufungwa kwanza utepe kwenye mshipa wa mapafu ili kupunguza damu inayoingia, akasubiri akue. Utepe si tiba ya mwisho. Nimekutana na familia zilizodhani yameisha. Wamerudi utepe ukiwa umembana mtoto aliyekua.

Hatua ya 6: nyumbani baada ya upasuaji

Mfupa wa kifua huchukua wiki 6 hadi 8 kuunga. Katika muda huo mtoto asinyanyuliwe kwa makwapa wala kuvutwa mikono. Mchukue kwa kupitisha mkono mmoja chini ya makalio na mwingine nyuma ya mgongo na kichwa. Asibebwe mgongoni kwa kanga, hata na bibi mwenye mapenzi yote, kwa sababu kifua hubanwa. Kidonda kikae kikavu. Kisipakwe majivu, mafuta ya nazi wala dawa ya meno.

Rudi hospitali akiwa na homa, kidonda kikitoa usaha au mfupa ukisikika ukicheza, au akianza tena kuhema. Homa na maumivu ya kifua wiki 1 hadi 6 baada ya upasuaji huweza kuashiria maji yamejikusanya kuzunguka moyo. Hilo hutibika likiwahiwa. Kizunguzungu cha ghafla au kuzimia ni dharura. Uliza pia chanjo ya surua itolewe lini, kwa kuwa damu aliyoongezewa hupunguza nguvu yake kwa miezi kadhaa.

Mtu mzima mwenye tundu

Aliyezibwa utotoni na eko yake ni nzuri anaishi kama wengine, ila asiache kliniki: mapigo huweza kuvurugika na vali huweza kuvuja miaka mingi baadaye. Mwenye tundu dogo ambalo halijazibwa, na chemba ya kushoto haijatanuka, hafanyiwi upasuaji. Anaruhusiwa michezo na kazi zote, na anapimwa kila baada ya miaka michache. Homa isiyoisha wiki nzima bila sababu apimwe damu ya kuotesha wadudu kabla ya kumeza antibayotiki za dukani, maana zikimezwa kwanza huficha maambukizi ya moyo.

Huzibwa ukubwani pale chemba ya kushoto inapotanuka, au damu iendayo mapafuni ikiwa mara 1.5 au zaidi ya iendayo mwilini, mradi shinikizo la mapafu halijapanda sana. Vali ya aota kuanza kuvuja, au kupata maambukizi ya moyo mara kwa mara, ni sababu nyingine. Mzee aliyepata tundu ghafla siku chache baada ya shambulio la moyo ana ugonjwa tofauti kabisa, nao ni wa dharura.

Mwanamke mwenye tundu dogo, au lililozibwa vizuri, hubeba mimba na kujifungua kwa usalama. Uwezekano wa mtoto wake kuwa na kasoro ya moyo uko juu kidogo kuliko wa wengine, kwa hiyo aombe eko ya mtoto tumboni kati ya wiki 18 na 22.

Aliyefika hali ya Eisenmenger

Hazibwi, lakini hajaachwa. Wengi huishi miaka mingi wakitunzwa vizuri. Bosentani, iliyopimwa katika utafiti wa BREATHE-5 uliochapishwa mwaka 2006, na sildenafili hupunguza uchovu na kuongeza mwendo. Sildenafili isichanganywe na dawa za naitreti za maumivu ya kifua.

Damu yake huwa nzito, na kuna mazoea ya kuitoa ili kuipunguza. Isitolewe hovyo: kutoa mara kwa mara humaliza madini ya chuma na kuongeza hatari ya kiharusi. Apimwe chuma. Akiharisha au kutapika apewe maji mapema, maana kukaukiwa ni hatari kubwa kwake. Akiwekewa dripu, mwuguzi aambiwe wazi kwamba hewa hata kidogo isiingie mrijani, kwa sababu povu linaweza kuvuka tunduni na kwenda ubongoni. Homa pamoja na kichwa kuuma ipimwe haraka, huenda ni jipu la ubongo. Kutema damu ni dharura. Asipande milima mirefu, na upasuaji wowote, hata wa henia, ufanyike palipo na mtaalamu wa usingizi anayeujua moyo wa namna hii.

Mimba ni jambo la kuzungumzwa bila kuzungusha maneno: kati ya wanawake wenye hali hii wanaobeba mimba, karibu theluthi moja hadi nusu hufa, wengi siku chache baada ya kujifungua. Binti aambiwe hivyo mapema, kabla ya ndoa, yeye mwenyewe na si wazazi wake peke yao. Vidonge vya majira vyenye estrojeni havimfai kwa sababu ya damu kuganda. Vijiti vinafaa zaidi. Akiwa anatumia bosentani, ambayo humdhuru mtoto tumboni na pia hupunguza nguvu za vidonge na vijiti, atumie na kondomu kila mara, na apime mimba kila mwezi.